Msumeno wa Injini na Mikono Itakayoushika

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu, ambaye kuni kwake ni mvinje, matawi ya mwembe, vifuu na makumbi ya nazi, huenda akashangaa kuona ukurasa wa nyumbani ukizungumzia mashine ya kukatia magogo. Atuwie radhi. Sisi ni jamaa wa pwani tulioishi bara kwa miaka mingi, nusu yetu Kitale na nusu Bungoma, na huku kuni si jambo dogo. Kitale imekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huingia hadi mifupani. Maji ya kutawadhia alfajiri, chungu cha maharage, masufuria ya pilau yanayotelekwa uani siku ya arusi au ya hitima, yote hayo hula kuni. Gesi tunayo, alhamdulillahi, lakini mtungi wa nyumbani hauliwezi sufuria la watu 200.

Kuni zetu nyingi ni za mkaratusi. Mti huu hupandwa mipakani mwa mashamba kote Trans Nzoia na Bungoma, hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Upepo wa mvua ulipoiangusha mitatu nyuma ya nyumba ya ami yetu Bungoma, swali lililokuwa likinong'onwa pembeni lilikuja barazani: je, tununue msumeno wa injini, huu ambao huku kila mtu huuita pawa-soo, au tuendelee kumwita mtu wa kukodi? Wanaume wa nyumba walianza na nguvu za injini. Wanawake tulianza na bei. Tulipomaliza mazungumzo, kilichoamua hakikuwa hicho wala kile.

Kwanza tulihesabu siku. Kwa mwaka mzima nyumba zetu mbili hukata magogo siku nne, labda tano, nyingi zikiwa Desemba, wakati mvua zimekatika na watoto wako likizo. Mashine itakayolala siku 360 kwa mwaka si mashine ya fundi, na haifai kuchaguliwa kwa macho ya fundi.

Kisha tukauondoa mti uliosimama kwenye mazungumzo yetu kabisa. Kuangusha mti ni elimu peke yake. Mkaratusi mkubwa una uzito wa tani, unaweza kupasuka shina kwa urefu kabla haujaanguka, unaweza kunaswa na tawi la jirani yake ukaning'inia, na upepo mdogo tu unaweza kuugeuza ukaelekea kwenye paa. Kazi hiyo tumemwachia mwenye ujuzi, naye tunamlipa palepale anapoweka mashine chini, kwa kuwa Mtume, rehma na amani zimshukie, ametufundisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lililobaki kwetu ni dogo zaidi: magogo yaliyokwisha lala chini, yanayohitaji kukatwa vipande vya urefu wa jiko ili yapasuliwe kwa shoka.

Hapa nyumba mbili zikahitaji majibu mawili. Nyumba ya Kitale iko mjini. Magogo huletwa kwa mkokoteni na kubwagwa uani, hatua ishirini kutoka kwenye soketi. Kwa ua kama huo msumeno wa umeme wa waya watosha, na tunasema hivi tukijua kwamba baadhi ya vijana wetu waliucheka. Wenye mota ya wati 2,000 hivi na upanga wa sentimita 35 hukata gogo la kawaida bila shida. Hauna petroli ya kuchanganya, wala kamba ya kuvuta mpaka bega liteguke, wala moshi. Ukiachia kidole, mota inakatika. Kelele zake si chache, lakini haziwaamshi watoto wa mtaa mzima. Kilicho muhimu ni waya wa nyongeza: uwe mnene wa shaba, ukunjuliwe wote hata kama urefu mwingine hauhitajiki, maana waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi kuyeyuka, na waya mwembamba huunyima mota nguvu mpaka iungue. Upitishwe nyuma ya mkataji, asije akaukata pamoja na gogo. Siku ya mvua kazi haifanyiki. Na stima ikipotea, basi kazi imekwisha mpaka irudi. Kwa siku mbili za kazi kwa mwaka, subira hiyo si nzito.

Bungoma mambo ni mengine. Huko miti iliyoanguka imelala ng'ambo ya shamba la mahindi, na hakuna waya wa kufika. Ipo misumeno ya betri, nayo ni mizuri kwa matawi, lakini bei ya betri zake ilitunyamazisha. Ikabaki petroli.

Mwanamume yeyote wa magharibi ya Kenya akiwaza pawa-soo huwaza ile anayoisikia kila wiki ikinguruma mabondeni, inayopasua mkaratusi kuwa mbao mlemle shambani. Hiyo mara nyingi ni Stihl 070 au iliyoigwa kutoka kwake: injini ya sentimita za ujazo 106, uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hata upanga haujafungwa. Ni mashine ya mtu ambaye kazi yake ni hiyo na mwili wake umeizoea. Kuinunua kwa kukatia kuni za nyumbani ni kama kununua lori la kuchukulia maziwa ya chai. Nyumba kama yetu yatosheka na injini ya sentimita za ujazo 30 hadi 40, upanga wa sentimita 35, uzito wa kilo nne au tano. Upanga huo, tuongeze hapa, madukani huitwa baa, neno ambalo kwetu sisi watu wa pwani lina maana nyingine, na tulipoifikiria hatukuona kuwa imekosea njia.

Sokoni tulikuta misumeno ya namna mbili. Ipo ya majina yanayojulikana, inayouzwa na mawakala. Na ipo isiyo na jina, au yenye jina la kuazima, iliyopakwa rangi ileile ya machungwa na nyeupe, kwa theluthi ya bei. Hatusemi kila cha bei nafuu ni kibovu. Tunasema tu kwamba katika duka moja kijana muuzaji alituapia: "Mama, huu ni orijino." Tukamuuliza: "Breki ya mnyororo iko wapi, mwanangu?" Akaugeuza mara mbili, akatuonyesha swichi ya kuzimia.

Breki hiyo ndiyo ya kuulizia kabla ya rangi na jina. Ni kile kinga cha plastiki kilicho mbele ya mkono wa kushoto. Mashine ikiwa imezimwa, kisukume mbele mpaka kilie, kisha jaribu kuuvuta mnyororo kwa mkono uliovaa glavu: usitembee hata kidogo. Kirudishe nyuma, utembee. Angalia pia mshiko wa nyuma: kichapuzi kisibonyezeke mpaka kiganja kimekandamiza kile kitufe cha juu yake. Halafu uliza kama wanauza mnyororo, plagi na chujio cha hewa vya mashine hiyohiyo, na uvione kwa macho. Mashine ambayo mnyororo wake haupatikani Kitale, Bungoma wala Eldoret ni mapambo ya stoo.

Tukiwa kwenye mnyororo, kuna habari ambayo ilitufurahisha kuliko bei zote. Misumeno ya injini ilikuwapo tangu miaka ya 1920, Andreas Stihl akitengeneza wake wa kwanza Ujerumani mwaka 1926, wa umeme na mzito wa kubebwa na watu wawili. Lakini minyororo ya zamani ilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, ikipoteza makali haraka na kuhitaji kunolewa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni alipomwona buu wa mende wa mbao akitafuna gogo, kushoto na kulia, akilikata litakavyo, liwe linafuata nyuzi za mti au linazivuka. Akayatazama mataya ya mdudu yule, akaenda kutengeneza mnyororo wenye meno ya mfano wake, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Meno ya karibu minyororo yote ya leo yametoka hapo. Suratul Baqara imetueleza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano kwa mbu. Ami yetu aliposikia kisa hiki alisema subhanallah, kisha akaenda kulichungulia gogo lake bovu.

Na wanawake wenzetu wajue hili pia: msumeno wa mnyororo haukuanzia msituni. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na kijisumeno cha mnyororo cha kuvutwa kwa mikono, na kazi yake moja ilikuwa kukata kiungo cha mifupa ya kinena pale uzazi uliposhindikana. Tuliosoma hayo tulikaa kimya kidogo, tukamshukuru Mola kwa hospitali za leo.

Sasa tuje kwenye lile lililoamua. Mnyororo wa msumeno wa petroli hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde moja. Ncha ya upanga, hasa robo yake ya juu, ikigusa gogo jingine au tawi lililofichika, meno hushika badala ya kukata, na mashine nzima huruka nyuma kumwelekea aliyeishika, kwenye shingo na uso. Hilo ndilo teke la msumeno, nalo humalizika kabla mtu hajawahi kufikiri. Ndiyo maana ya breki. Ndiyo maana ya kushika kwa mikono miwili siku zote, dole gumba la kushoto likiwa limezunguka mshiko wa mbele, kusimama upande wa kushoto kidogo wa njia ya upanga, kutokata juu ya mabega, na kutopanda ngazi na msumeno kamwe. Anayeuwasha huku ameuning'iniza mkononi, kwa madaha, hana budi kuzuiwa. Huwekwa chini, breki imefungwa, mguu wa kulia umekanyaga mshiko wa nyuma, ndipo kamba ivutwe.

Kwa ajili hiyo tulikubaliana kwamba bei ya msumeno ni pamoja na mavazi, au hakuna msumeno. Kofia ngumu yenye wavu wa uso na vifuniko vya masikio, kwa maana sauti ya mashine hii hupita desibeli 100, buti, glavu, na suruali maalumu iliyojazwa nyuzi ndefu, ambazo mnyororo ukizigusa hufumuka na kujizungusha kwenye gurudumu la mashine mpaka isimame. Suruali hizo si rahisi kuzipata katika miji yetu, na zilipopatikana bei yake, pamoja na kofia, ilikaribia nusu ya bei ya msumeno. Wapo waliosema ni israfu. Wifi yetu, ambaye huzungumza kidogo, aliuliza mguu mmoja ni bei gani.

Yeye pia ndiye aliyeuliza kama mwanamke wa Kiislamu anaweza kuitumia mashine hii. Twaona anaweza, hasa ile ya umeme uani kwake, lakini si kwa buibui, wala kwa dera, wala kwa leso iliyofungwa kiunoni. Kitambaa chochote kinachopepea ni chakula cha mnyororo. Suruali ya kinga ni pana na nzito, haionyeshi umbo. Koti la kufika mapajani lifungwe vifungo vyote. Na mtandio uwe mfupi, ncha zake zimetiwa ndani ya kola, bila pini ya kuchomoka chini ya kofia. Sitara yapatikana. Lisilopatikana ni kukata ukiwa peke yako nyumbani, na hilo ni sawa kwa mwanamke na mwanamume: lazima awepo mtu wa pili, aliye mbali na upanga na karibu na simu.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Tunazungumzia miti ya shambani mwetu. Msitu wa umma, ukiwemo wa Mlima Elgon ulio juu yetu, una Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, na ruhusa ya kuokota kuni kavu kwa mzigo wa kichwani si ruhusa ya kuingiza msumeno. Hata mbao za shambani mwako, ukitaka kuzisafirisha barabarani, zahitaji kibali, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya Huduma ya Misitu iliyo karibu nawe.

Lililotusumbua zaidi ya sheria ni majirani. Nyumba yenye msumeno wa injini huku mashambani itaombwa. Si labda, itaombwa wiki ya kwanza. Na sisi tunasoma Suratul Maun katika sala zetu, tunajua inavyowakemea wanaozuia vyombo vya kusaidiana. Sahaba Ibn Masud alipoulizwa vyombo hivyo ni vipi, alitaja shoka, chungu na ndoo. Shoka! Basi msumeno si shoka la zama hizi? Upande mmoja wa baraza ulisema ndiyo, na anayeunyima ameingia kwenye karipio lile. Upande wa pili ulikumbusha kwamba Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, na kwamba mkononi mwa kijana asiyefunzwa mashine hii ni dhara inayongoja saa. Jirani akikukopesha shoka, ukijikata, umejikata wewe. Ukimkopesha kijana wa miaka 16 msumeno na kukaa ukinywa chai, jambo likitokea, damu ile utaiwekea hoja gani?

Tulikaa na hilo siku kadhaa, kwa kuwa tusingependa kuwa watu wa kufunga mlango kwa jina la usalama. Kuna ubahili unaojivika hekima, na sote tumewahi kuuona. Mwishowe ami yetu alikata shauri, nasi tumeridhika nalo: msumeno haukopeshwi, hukopeshwa mtu na msumeno. Atakayehitaji atakuja kukatiwa, yeye akileta petroli, bila ujira. Hilo likawa pia kipimo cha kuchagulia mashine. Tuliuchukua mdogo kati ya miwili tuliyoiwekea fedha, kwa kuwa ami ana miaka 58, naye ndiye atakayeubeba shamba kwa shamba.

Yaliyobaki ni ya matunzo. Petroli huchanganywa na oili ya injini ya mipigo miwili, mara nyingi mililita 20 kwa kila lita, lakini kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Na ichanganywe kidogo kidogo, maana iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika. Kazi ikiisha, tangi limwagwe na injini iachwe iungurume mpaka izimike yenyewe, la sivyo kabureta itaziba kabla ya Desemba nyingine. Hapo ndipo mashine nyingi za nyumbani hufia. Mnyororo una oili yake kwenye tangi la pili. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari isitiwe humo. Meno hunolewa kwa tupa ya mviringo ya kipimo cha mnyororo wenyewe, kutoka ndani kwenda nje, kila jino misukumo sawa, na dalili ya kuwa umefika wakati ni unga: mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao, butu hutoa vumbi. Mafuta yajazwe injini ikiwa imepoa, na si karibu na meko, hata kama chai imekwisha iva.

Na mkaratusi upasuliwe ungali mbichi. Ukikauka, shoka hudunda. Ulivyokatwa Desemba na kupangwa chini ya paa, pande zote zikipitisha upepo, huwa tayari kabla mvua ndefu hazijashika, na moshi wake ni mdogo machoni.

Wiki ya pili, mama mjane aliye mpakani mwa shamba la Bungoma alimtuma mwanawe kuuomba msumeno; mgrevilia wake ulikuwa umeanguka njiani. Kijana alisimama mlangoni tayari kuubeba begani. Ami alimwambia: "Mwanangu, msalimie mama, mwambie twaja Jumamosi baada ya adhuhuri." Walikwenda wawili, na suruali na kofia. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Kijana alivuta vipande kando, akafundishwa kupasua kwa kufuata nyufa za gogo, na alionyesha mkono mzuri. Shoka waliliacha kwao.